Niliacha Mahubiri, Nikaanza Kusoma Mita

Kwa miaka mingi nilizunguka chumba hadi chumba nikizima taa na kuchomoa chaja, huku nikiwahubiria watu wa nyumbani kuhusu mazingira. Matumizi ya umeme hayakushuka. Ukitaka kubadilisha nyumba yako, anza na mita.

Macho hutudanganya. Mwaka 2010 mtafiti Shahzeen Attari na wenzake waliwauliza watu 505 nchini Marekani vifaa vya nyumbani vinakula umeme kiasi gani. Kwa wastani walikadiria pungufu mara 2.8, na walikosea zaidi kwenye vifaa vikubwa. Taa tunaihangaikia kwa sababu tunaiona ikiwaka. Mimi nilisoma mita kabla ya kuwasha hita ya maji na baada ya kuizima, nikanyamaza: robo saa tu ilimeza kuliko nilichookoa kwa chaja zote wiki nzima.

Somo la pili ni gumu kulikubali. Huko San Marcos, California, wanasaikolojia Wesley Schultz, Robert Cialdini na wenzao walitundika kwenye milango karatasi zilizoonyesha matumizi ya kila nyumba na wastani wa mtaa. Matokeo yalitoka mwaka 2007: waliozidi wastani walipunguza, waliokuwa chini yake wakaongeza! Hao wa chini walipochorewa uso wa tabasamu kama pongezi, hawakuongeza. Mwaka uliofuata baadhi ya watafiti hao walionyesha kwamba watu hudai wanabana umeme kwa ajili ya mazingira, na sababu ya kuwaiga majirani huiweka mwisho kabisa. Kumbe imani yao kuhusu wanachofanya majirani ndiyo iliyoendana zaidi na matendo yao.

Kwa hiyo usiseme, "Humu ndani wote mnapoteza umeme." Nililisema hilo mara nyingi mno, na kila mara nilikuwa nawafundisha kwamba kupoteza ndiyo kawaida yetu. Sasa kila Jumapili naandika namba ya mita kwenye karatasi iliyobandikwa jikoni, na aliyezima hita namshukuru mbele ya wengine. Wiki ya tatu mdogo wangu aliiandika kabla yangu.

Simu nayo ni hivyohivyo: tunachokiona sicho kikubwa. Sehemu kubwa ya uchafuzi wake hutokea kiwandani, kabla hujaishika, hivyo kukaa nayo muda mrefu kunasaidia kuliko kuchomoa chaja. Yangu ina mwaka wa tano na nimeibadilisha betri mara moja. Kwenye vikao naiweka mezani, ionekane.