Kabla hamjachoma sindano uvimbe wa shingo

Ninyi mnaoanza kliniki, uvimbe wa shingo mtaukuta mara kwa mara. Akili itakimbilia TB ya tezi, saratani au goita, na mara nyingi mtakuwa sahihi. Ninachowaomba ni kuwaachia vimelea nafasi kwenye orodha yenu, hasa uvimbe ukiwa na maji ndani.

Sababu ni sindano. Uvimbe laini, usiouma, uliokua taratibu kwa miezi, unashawishi kufyonzwa palepale. Kama ni kifuko cha tegu wa mbwa, Echinococcus granulosus, maji yake yakivuja yanaweza kumwangusha mgonjwa kwa mshtuko wa mzio, na vichwa vya minyoo vilivyomo vikamwagika na kuota vifuko vipya. Kifuko hiki hukaa zaidi kwenye ini, kisha mapafu. Shingoni ni nadra, ndiyo maana hakifikiriwi. Basi altrasaundi itangulie. Tazameni picha kwa utulivu: vifuko vidogo ndani ya kikubwa, au utando uliobanduka ukielea kwenye maji. Mkiviona, wekeni sindano chini, chunguzeni ini na mapafu, kisha pangeni na daktari wa upasuaji kuhusu albendazole (dawa ya minyoo) na namna ya kukitoa kizima bila kukipasua.

Tegu wa nguruwe akijificha kwenye msuli wa shingo huonekana tofauti: kifuko kidogo chenye nukta nyeupe pembeni, ndiyo kichwa cha lava, yaani mnyoo mchanga. Hapo msiandike dawa ya minyoo kabla ya kuuliza habari za degedege na kukagua ubongo na macho. Lava wakifa humo, uvimbe unaotokea unaweza kumpofusha mtu.

Kimelea kingine, Toxoplasma, chenyewe hutunisha tezi, mara nyingi za nyuma ya shingo. Kipimo cha damu huweza kumwepusha mgonjwa na kisu. Na kwa aliyetoka maeneo ya malale Afrika Magharibi au ya Kati, tezi hizohizo za nyuma ni dalili aliyoieleza daktari Mwingereza Thomas Winterbottom katika kitabu chake cha mwaka 1803, baada ya kufanya kazi Sierra Leone. Nawasihi muipapase shingo ya nyuma pia, wengi huishia mbele.

Kwenye fomu ya maabara msiandike "uvimbe wa shingo" peke yake. Andikeni umeanza lini, mgonjwa ameishi wapi, anafuga mbwa au la, na kimelea mnachokishuku.