Kimeng'enya na Metali Yake: Maswali Yenu Manne

Mwalimu anasema zinki ndiyo inayofanya kazi ndani ya kimeng'enya cha kaboniki anhidrasi. Sasa hizo asidi amino 260 hivi zinazounda mnyororo wake ni za nini? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Iringa)

Zinki peke yake haifiki mbali, mwanangu. Kimeng'enya hiki, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, kimo ndani ya seli nyekundu za damu. Kazi yake ni kugeuza kaboni dayoksaidi kuwa bikaboneti, ili damu iibebe hadi mapafuni. Kina kishimo, na chini kabisa, kwenye eneo tendaji, imekaa ayoni moja ya zinki iliyoshikwa na asidi amino tatu aina ya histidini: ya 94, ya 96 na ya 119 kwenye mnyororo. Tazama hizo namba. Ya mwisho iko mbali na wenzake kwenye mnyororo, lakini protini imejikunja mpaka zote tatu zikakutana mahali pamoja.

Nafasi ya nne ya zinki inashika molekuli ya maji. Chaji chanya ya zinki huvuta elektroni za maji hayo, nayo yanaachia protoni kwa urahisi: pKa yake (kipimo ambacho kikiwa kidogo, protoni huachiwa kwa urahisi zaidi) hushuka kutoka karibu 15.7 hadi karibu 7. Kinachobaki ni haidroksidi, na hiyo ndiyo inayoivamia kaboni dayoksaidi. Kwa nini histidini? Kwa sababu hapo hazina chaji, kwa hiyo haziipunguzii zinki nguvu. Zingekuwa asidi amino zenye chaji hasi, mvuto huo ungefifia. Halafu kuna histidini ya 64, karibu na mdomo wa kishimo, inayopokea protoni na kuitoa nje. Kwa mpangilio huo, kimeng'enya kimoja huhudumia molekuli zinazokaribia milioni moja kwa sekunde. Nimefundisha somo hili miaka mingi na bado namba hiyo hunishangaza.

Tulitia ini kwenye haidrojeni peroksaidi, likatoa povu jingi. Nasikia katalasi, kimeng'enya cha ini, ina hemu (molekuli yenye chuma katikati) kama hemoglobini. Mbona kazi ni tofauti? (Mwanafunzi, Tanga)

Chuma ni kilekile, majirani ndio tofauti. Kwenye hemoglobini kimeshikwa na histidini. Kwenye katalasi kimeshikwa na asidi amino nyingine, tairosini yenye chaji hasi, na upande wa pili histidini na asidi amino iitwayo asparajini huiweka peroksaidi sawasawa ili ivunjike kuwa maji na oksijeni. Rudieni jaribio kwa ini lililochemshwa vizuri. Chuma bado kimo, lakini povu hamtaliona, kwa sababu mkunjo wa protini umeharibika.

Wageni wangu wa Kilimanjaro humeza Diamox, dawa ya ugonjwa wa mwinuko, halafu wanakojoa kila mara. Hii nayo ni habari ya vimeng'enya? (Mwongoza watalii, Moshi)

Ndiyo, na ni kilekile cha swali la kwanza. Naitrojeni ya dawa hiyo hujibana kwenye zinki na kuyatoa yale maji. Figo zikikosa kimeng'enya hiki, bikaboneti hutoka na mkojo, damu inakuwa na asidi zaidi kidogo, na ubongo unaamuru mtu apumue zaidi. Hapo ndipo oksijeni inapoongezeka. Lakini kupanda pole pole kubaki palepale, na aliyezidiwa ashushwe mara moja.

Natengeneza betri za magari. Daktari ameniambia metali ya risasi imeingia kwenye damu. Inaharibu nini hasa? (Fundi, Nairobi)

Pole sana, ndugu yangu. Hatua moja ya kutengeneza hemu inafanywa na kimeng'enya chenye zinki iliyoshikwa na asidi amino tatu aina ya sisteini. Sisteini ina salfa, na salfa hiyo huing'ang'ania risasi kuliko inavyoishika zinki. Risasi inaingia, zinki inatoka, kimeng'enya kinasimama, na damu inaanza kupungua. Kumeza vidonge vya zinki hakutaing'oa, kwa hiyo fuata matibabu ya daktari wako. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, na nguo za kazi ziache gereji. Vumbi lake likifika nyumbani, watoto ndio huumia zaidi.