Wasomaji Wauliza: Mji Mkongwe wa Santo Domingo kwa Miguu

SWALI: Mwezi wa saba nakwenda Jamhuri ya Dominika kwenye mkutano wa kanisa. Nimebakiwa na Jumatatu moja ya kuuona mji mkongwe wa Santo Domingo. Nianzie wapi?
Msomaji, Uyole, Mbeya

JIBU: Kwanza, ndugu yetu, ukiweza badili siku. Jumatatu makumbusho mengi ya pale hufungwa, utaishia kutazama milango.

Toka mapema, saa mbili asubuhi. Mtu anayetoka kwenye baridi ya Mbeya ya Julai atachoshwa haraka na joto la nyuzi 30 lenye unyevu wa bahari. Anzia uwanja wa Parque Colón, ubavuni mwa kanisa kuu, ambalo ni kongwe kuliko makanisa makuu yote ya Amerika. Kaptula na mabega wazi hurudishwa mlangoni. Kitenge kwenye mkoba kitakuokoa. 

Kutoka hapo shuka mashariki hadi Fortaleza Ozama, ngome iliyo juu ya mto. Panda mnara wake kabla jua halijakaza, maana juu hakuna kivuli. Ukitoka, fuata Calle Las Damas kuelekea kaskazini: utapita Panteón Nacional, yalipo makaburi ya mashujaa wa taifa, kisha makumbusho ya Casas Reales, mpaka uwanja wa Plaza de España lilipo jumba la Diego Colón, mtoto wa Columbus. Umbali haufiki kilomita moja, lakini barabara ni ya mawe, kwa hiyo viatu vya kisigino viache hotelini.

Wengi huishia hapo, nasi tunaona wanakosa sehemu nzuri kuliko zote. Panda hadi magofu ya monasteri ya San Francisco, kisha teremka Calle Hostos upite magofu ya hospitali ya San Nicolás, iliyoanzishwa mwaka 1503. Magofu haya unayaona hata ukiwa nje ya uzio, hivyo Jumatatu haikudhuru sana. Ukifika El Conde, mtaa usioingia magari, pinda kulia hadi lango la Puerta del Conde, uhuru wa nchi ulipotangazwa tarehe 27 Februari 1844. Ukiingia ndani ya majengo, tenga muda wa saa tano.

SWALI: Je, kaburi la Columbus limo katika kanisa kuu la Santo Domingo?
Msomaji, Iringa mjini

JIBU: Halimo tena. Mwaka 1795 Wahispania walihamisha mifupa kwenda Havana, na mwaka 1898 ikapelekwa Seville. Lakini mwaka 1877 mafundi walikuta kanisani sanduku la madini ya risasi lenye mifupa na jina lake. Tangu 1992 sanduku hilo liko Faro a Colón, mnara wa kumbukumbu ya Columbus, ng'ambo ya mto, panda teksi. Vipimo vya vinasaba vimeunga mkono mifupa ya Seville, ila ile ni michache, kwa hiyo huenda kila upande una sehemu yake.

SWALI: Nibebe pasi yangu ya kunyooshea nguo?
Msomaji, Makambako

JIBU: Iache. Umeme wa kule ni volti 110, karibu nusu ya wetu, na pasi ya volti 230 itatoa takriban robo tu ya joto lake. Chaja ya simu iliyoandikwa 100–240 haina shida. Inahitaji adapta ya pini mbili bapa tu, ya Kimarekani. Inunue kabla ya safari.