Kisu kimetiwa ugumu au kimetiwa matiko?

SWALI: Nafua visu na tindo nyumbani kwa springi kuukuu za magari. Nikisema "nimekitia kisu ugumu," mwenzangu ananicheka, ati husemwa "kutia matiko." Haya, nimekubali. Lakini nikishakipoza kisu mafutani, hukirudisha kwenye moto mdogo ili kisikatike, na kamusi yangu ya Kiingereza inadai hiyo nayo ni kutia matiko. Hatua mbili, neno moja? Na ninachopima mwishoni ni ugumu au uimara?

JIBU: Mwenzako yuko sahihi, ingawa kwa kukucheka amekuonea, "kutia ugumu" kunaeleweka, ila hakuna ladha ya karakana. Matiko ni neno la wahunzi, nalo huenda kwa wingi tu: matiko yake mazuri, kisu kimeisha matiko.

Kamusi imekuchanganya kwa sababu Kiingereza chenyewe, nje ya karakana, huchukua neno la hatua ya pili, "temper," kikaiita kazi nzima kwa neno hilo. Sisi hatulazimiki kurithi mkanganyo huo. Unapopasha chuma kikawa chekundu hadi sumaku isikishike, kwenye nyuzi 770 hivi, ukaongeza moto kidogo kisha ukakipoza ghafla, hapo umekitia matiko. Sasa ni kigumu kama kigae, na kama kigae, kikianguka sakafuni huenda kikakatika. Ndiyo maana unakisugua king'ae na kukirudisha kwenye joto la nyuzi 200 hadi 230, huku ukiangalia rangi ya majani makavu ikitambaa kuelekea kwenye makali. Hatua hii mimi huiita kupunguza matiko. Rangi ikifika buluu, karibu nyuzi 300, kwa tindo ya kugongwa nyundo si vibaya; kwa kisu umepitiliza. Na ukikipasha tena kikawa chekundu, ukakifukia majivuni kipoe usiku kucha ili tupa ikiweze, umeondoa matiko. Kutia, kupunguza, kuondoa: jina ni lile lile, kazi inafanywa na kitenzi.

Kuhusu kipimo, sema ugumu. Unapoburura tupa juu ya makali ikateleza bila kung'ata, umepima ugumu. Mashine ya Rockwell nayo, kwenye skeli ya C, hukandamiza ncha ya almasi kwa uzito wa kilo 150 na kusoma kina cha kovu; visu vingi vya jikoni huangukia kati ya 54 na 60. Uimara ni jambo jingine. Kisu chenye ugumu wa 64 chaweza kukosa uimara kabisa, ukabaki na mpini mkononi. Ile sifa ya kustahimili kishindo bila kupasuka ningeiita ushupavu, kutoka kwa kushupaa, kama nyama ya ng'ombe mzee inavyomshupalia mlaji. Wengine huandika "ukakamavu," lakini kilichokakamaa hakipindi, nawe unataka kipinde kidogo kabla ya kukatika.

Jambo moja hukuliuliza. Katika picha uliyoambatisha umeandika "nilikichovya kwenye mafuta." Kuchovya ni kutia na kutoa, kama mkate kwenye chai. Chuma chekundu hutumbukizwa, kikakaa humo mpaka moshi uishe.