Miche ya mikarafuu imeungua baada ya kutolewa kivulini

SWALI: Niko Wete. Miche yangu ya mikarafuu ilikuwa imestawi chini ya banda la makuti. Niliiondolea makuti yote siku moja, na haikufika wiki majani yakapauka, mengine yakapata mabaka ya kahawia, ingawa nilimwagilia asubuhi na jioni. Mbona msituni Ngezi mti mkubwa ukianguka, miche iliyokuwa kivulini haifi?

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Umwagiliaji wako hauna kosa. Kilichoungua ni jani lililojengwa kwa kivuli.

Jani hupata umbile lake kutokana na mwanga linaokulia. La kivulini huwa pana na jembamba, limesheheni klorofili, ile rangi ya kijani, ili linase kila mwanga unaopita, lakini lina rubisko kidogo, yaani kimeng'enya kinachoshika hewa ya ukaa. Likitolewa juani ghafla hunasa mwanga mwingi kuliko linavyoweza kuutumia. Ziada hiyo ingetupwa kama joto kwa msaada wa rangi za manjano zilizomo ndani ya jani, ila jani la kivulini lina akiba ndogo ya rangi hizo. Basi ziada inaharibu mitambo yenyewe ya usanisinuru, yaani ya kutengenezea chakula kwa mwanga, na wewe unaona jani linapauka.

Msituni maisha ni ya kuvizia. Chini ya msitu mnene wa mvua mara nyingi hufika asilimia 1 au 2 tu ya mwanga ulioko juu. Upepo ukitikisa matawi, doa la jua hupita juu ya mche kwa sekunde au dakika chache, na madoa hayo ndiyo riziki yake kubwa. Lakini jani lililokaa gizani haliwezi kufanya kazi kwa nguvu zote papo hapo: rubisko sharti iamshwe, vitundu vya hewa vifunguke, na hilo laweza kuchukua dakika 10 hadi 30. Doa la kwanza huishia zaidi kuliamsha jani. La pili likija upesi hulikuta liko macho, na hapo ndipo mche hushiba. Miaka yote niliyofanya kazi hii, sijachoka kulistaajabia jambo hilo.

Sasa mti ukianguka. Hata huko Ngezi majani ya zamani huumia; itazame miche iliyopona kwa karibu, aghalabu utaona walioiokoa ni majani mapya ya juu. Jani lililokomaa huweza kuongeza kinga kidogo kwa siku kadhaa, lakini kwa miti mingi haliwezi tena kuwa nene. Kuzoea jua hasa ni kazi ya jani litakalozaliwa juani.

Kwa hiyo usiing'oe miche yako. Rudisha makuti nusu, kisha punguza machache machache kwa wiki kadhaa. Majani yaliyobakiwa na ukijani usiyakate, bado yanaulisha mche. Subiri yale machanga yenye wekundu, na yakishageuka kijani na kukakamaa chini ya mwanga mwingi, mche uko tayari kwenda shambani. Uhamishe masika yanapoanza, mawingu yakusaidie.

Kama una mivule kwenye kitalu hichohicho, itenge. Mvule hupenda mwanga tangu mdogo, na kivuli kinachoufaa mkarafuu huudumaza.