Maswali ya Wasomaji: Nani Awafundishe Wanetu Kuteleza kwa Skii?

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu nyingi. Mimi na mume wangu tunapanga kuwapeleka watoto wetu watatu, wenye umri wa miaka 4, 9 na 14, kwenye likizo ya wiki moja ya kuteleza kwa skii katika milima ya Alps. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvaa skii, vile vibao virefu vya kutelezea thelujini, isipokuwa mume wangu, ambaye alijifunza kidogo enzi za uanafunzi wake na anasema atatufundisha sote mwenyewe. Mimi naona heri tumlipe mkufunzi mmoja atufundishe familia nzima kwa pamoja. Je, tufuate ushauri wa nani? — Mama wa Watatu

JIBU: Ndugu Mama wa Watatu, kwa maoni yangu mipango yote miwili iwekwe kando, angalau kwa siku tatu za mwanzo. Mkufunzi mmoja akipewa watu watano, mdogo wao akiwa na miaka 4 na wengine wakiwa watu wazima, hana budi kwenda kwa mwendo wa yule mdogo. Mtoto wa umri huo huchoka upesi, husikia baridi kabla ya wenzake, huomba kwenda msalani, na kila mara somo la wote husimama. Kijana wa miaka 14, ambaye pengine ndiye atakayeelewa haraka kuliko nyote, atakuwa amesimama thelujini akisubiri, na hapo ndipo vijana wengi hukata tamaa na mchezo huu.

Kuhusu baba watoto, nia yake ni njema na haifai kubezwa, lakini kujua kuteleza ni jambo moja na kujua kufundisha ni jambo jingine. Mwanafunzi mpya anapoogopa mteremko, mwili wake humvuta nyuma, kuelekea mlimani. Uzito wote huangukia visigino, ncha za mbele za skii hukosa mgandamizo, na matokeo yake ni kwamba skii hazikubali kugeuka na huzidi kwenda kasi. Mtu aliyezoea atamwambia tu ainame mbele, naye hataweza, kwa sababu hofu haisikii amri. Mkufunzi aliyesomea kazi yake huliona kosa hilo kwa mbali na ana zoezi lake tayari: atamwambia mwanafunzi anyooshe mikono mbele kana kwamba amebeba sinia, au aguse magoti yake kila anapogeuka, na mwili utajirekebisha wenyewe. Zaidi ya hayo, mtoto anayelia mbele ya baba yake mara nyingi hunyamaza na kujaribu tena mbele ya mwalimu asiyemfahamu.

Kwa hiyo gawanyikeni. Mdogo aandikishwe katika kile ambacho shule nyingi za Alps hukiita bustani ya theluji, yaani uwanja tambarare uliozungushiwa uzio, wenye mkanda unaotembea taratibu na kuwapandisha watoto juu bila lifti. Shule nyingi huwapokea wakiwa na miaka 3 au 4. Hapo watoto hawapewi zile fimbo mbili za mkononi za kuteleza. Hufundishwa kwanza kutembea na skii, kisha kusimama kwa kukutanisha ncha za mbele na kutanua visigino, umbo ambalo wakufunzi wa nchi nyingi huwaambia watoto kuwa ni kipande cha piza. Asubuhi peke yake inamtosha. Msishawishike kununua siku nzima kwa sababu tu mchana unakuwa wenu.

Kabla ya kulipa, uliza mambo ambayo matangazo huyanyamazia. Kila mkufunzi hupewa watoto wangapi? Je, ana msaidizi? Watoto hupumzika na kuota moto wapi, na nani huwapeleka msalani? Shule inayofundisha watoto kila siku itakujibu papo hapo, na ikisitasita, tafuta nyingine. Binafsi singekubali zaidi ya watoto sita kwa mkufunzi mmoja katika umri wa miaka 4, ingawa kwa wakubwa wanane au kumi si tatizo.

Wa miaka 9 atafaa katika darasa la kawaida la watoto wanaoanza. Kwa wa miaka 14 ulizia mapema kama kuna darasa la vijana, kwa maana akipangwa na watoto wa miaka minane, hata kama kiwango chao ni kimoja, atajiona amedhalilishwa. Wewe jiunge na darasa la watu wazima la asubuhi, na mumeo apimwe upya badala ya kujipangia daraja mwenyewe.

Fahamu pia kwamba katika sehemu nyingi za Alps madarasa ya wiki huanza Jumapili au Jumatatu na kuendelea kwa siku tano au sita na mkufunzi yuleyule. Anayejiunga Jumanne huwakuta wenzake wameshaanza kugeuka. Mkipanga kwenda Februari, wakati wa likizo za shule za Ufaransa, andikisheni mapema iwezekanavyo, kwani nafasi hujaa.

Yule mkufunzi wa binafsi uliyemfikiria anafaa sana, ila baadaye. Siku ya nne au ya tano, kila mmoja akiwa ameshajua kusimama na kugeuka, saa mbili pamoja naye kwenye njia rahisi zitawafurahisha wote. Anafaa pia mapema zaidi ikiwa mmoja wa watoto amevunjika moyo na hataki kurudi darasani.

SWALI: Nitajuaje kwamba mkufunzi ana sifa zinazotakiwa? Mtandaoni kila mtu anajiita mwalimu wa skii. — Baba Mwenye Wasiwasi

JIBU: Wasiwasi wako una msingi, na jibu linategemea nchi. Nchini Ufaransa sheria haimruhusu mtu kufundisha skii kwa malipo bila sifa zinazotambuliwa na serikali, na una haki ya kuomba kuona kitambulisho chake cha kazi. Shule kubwa kuliko zote huko ni École du Ski Français, ambayo wakufunzi wake hujulikana kwa koti jekundu. Lakini zipo pia shule ndogo za kujitegemea, na baadhi yake hujitahidi kuweka madarasa yenye watu wachache. Uingereza ina chama cha wakufunzi kiitwacho BASI chenye ngazi nne, na aliye ngazi ya kwanza anatambuliwa kufundisha katika viwanja vya ndani na miteremko ya bandia, si mlimani kwa uhuru. Kanada nayo ina ngazi nne, Marekani tatu. Kwa hiyo usiridhike mtu akisema ana cheti. Uliza ni cha chama gani na cha ngazi ipi.

Hata hivyo, ngazi ya juu si kila kitu. Mwenye cheti cha juu kabisa huenda amezoea kuwanoa wanaoshindana, ilhali msichana wa ngazi ya pili aliyekaa misimu kadhaa na watoto wadogo ndiye atakayemtuliza mwanao. Na lugha ni jambo la usalama: mtoto asiyeelewa amri ya kusimama yuko hatarini mteremkoni. Shule iandikie, itaje lugha ambayo mkufunzi atatumia darasani, na iwe kwa maandishi.

SWALI: Tukodi vifaa lini, na tuangalie nini? — Msomaji wa Kila Mwezi

JIBU: Kodini jioni ya kuamkia siku ya kwanza ya somo, kwa sababu asubuhi yake foleni ni ndefu na darasa halimngojei aliyechelewa. Muda wenu mwingi uwe wa buti. Mtoto akisimama wima, vidole vyake viguse mbele kidogo. Akikunja magoti na kusukuma ugoko kwenye ulimi wa buti, vidole virudi nyuma na kisigino kisinyanyuke. Avae soksi moja nyembamba na ndefu, kamwe si mbili, kwa kuwa mikunjo huumiza na hubana damu, na mguu huishia kuwa baridi zaidi. Kofia ngumu ni lazima kisheria nchini Italia, kwa watoto na watu wazima, na mimi nashauri ivaliwe kokote. Miwani na mafuta ya kukinga jua msiyasahau hata siku ya mawingu, kwani theluji mpya huweza kuakisi sehemu kubwa ya miale ya jua.

Mwisho, mkodishaji atakuuliza uzito, urefu, umri na uwezo wa kila mmoja. Mtaje uzito wa kweli, wala kijana asijisingizie ustadi asio nao, maana kwa majibu hayo ndipo hupangwa ugumu wa kifungio kinachotakiwa kuliachia buti mtu anapoanguka, kabla goti halijapinda.