Mashua ya Uani na Jumamosi za Watoto

Wiki iliyopita jarida liliwauliza wasomaji swali hili: je, mzazi aliyeajiriwa mbali na nyumbani, ambaye huwaona watoto wake siku mbili tu kwa wiki, ana haki ya kuzitumia siku hizo kwa kazi ya mikono anayoipenda mwenyewe? Nilipolisoma niliweka jarida chini nikatoka nje, kwa sababu swali hilo ninaishi nalo tangu mwaka 2015, nilipolaza mkuku wa mashua, yaani mti wa chini unaobeba chombo kizima, chini ya mwembe wa uani kwetu Kigombe, na hakuna aliyewahi kuniuliza waziwazi namna hiyo.

Jibu lililonijia kwanza lilikuwa ndiyo, bila masharti. Ninafanya kazi ya uhasibu Korogwe. Kila Ijumaa jioni hupanda basi hadi Tanga, nikaunganisha na gari la Pangani, nikafika nyumbani watoto wakiwa wamelala. Jumapili baada ya adhuhuri huondoka tena. Miongoni mwa wenzangu wenye maisha kama hayo, wapo wanaomaliza Jumamosi nzima barazani wakicheza bao au wakibishana juu ya mpira, na hakuna anayewauliza kuhusu haki. Mimi nilikuwa uani kwangu, hatua chache kutoka jikoni, mtoto akiniita ninaitika. Hoja hiyo niliitegemea kwa miaka mingi, na nilipokaa kuandika barua hii nilikusudia kuileta kama ilivyo.

Mashua yenyewe si kubwa. Ina urefu wa dhiraa kumi na tatu, yaani kama mita 6. Mjomba wangu, aliyeanza kuunda vyombo tangu ujana wake, aliniambia kwamba yeye na msaidizi mmoja, wakifanya kazi kila siku, wangeishua baada ya miezi mitatu. Mimi ilinichukua miaka mitatu na nusu. Sehemu kubwa ya muda huo ilikwenda katika kutafuta miti, hasa ya mataruma, yaani mbavu za chombo, kwa kuwa taruma halikatwi katika ubao ulionyooka: nyuzi za mti zikikatizwa penye pindo, litavunjika papo hapo chombo kikipigwa na wimbi. Hutafutwa tawi lililojipinda lenyewe. Wazee walikuwa wakiingia mikokoni kukata mlilana na mkomafi, lakini mikoko ni msitu wa hifadhi, haikatwi bila kibali, na bahari yetu tangu mwaka 2009 imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yule samaki wa kale. Kwa hiyo tulitafuta mashambani, kwenye mifenesi na miembe. Nilikata vipande vya boksi kwa umbo la kila taruma, mwanangu wa kiume, wakati huo ana miaka sita, akavibeba kichwani, tukapita shamba kwa shamba tukitazama juu na kulinganisha, huku tukiwaamkia wenye mashamba na kuomba tawi. Asubuhi zile sijutii hata moja. Hadi leo kijana huyo hawezi kupita chini ya mfenesi bila kuinua macho.

Lakini kuna Jumamosi moja ambayo hoja yangu haiivuki. Ilikuwa Januari 2017, wakati wa kaskazi. Tulikuwa tumefika kwenye ubao wa kwanza wa upande wa kulia, ule unaoshikana na mkuku, nao ni mgumu kuliko mbao zote za chombo, kwa sababu katikati hulala karibu bapa, lakini kadiri unavyoelekea omo, yaani mbele ya chombo, hulazimika kujisokota mpaka usimame wima. Ulikuwa ubao wa mvule, nimeununua kwa mshahara wa Desemba, na tulikuwa tumeuzamisha baharini siku kadhaa ukiwa umekandamizwa kwa mawe. Mjomba aliwasha moto wa makumbi saa saba mchana, tukawa tunaupitisha ubao juu yake huku tukiupaka maji kwa kitambaa. Kanuni yake ilikuwa moja, kwamba ubao ukishapata moto huna ruhusa ya kusimama. Huvutwa kwa kamba inayosokotwa kwa kijiti, husukumwa kwa magogo, husogea upana wa kidole, hungojwa, husogea tena. Ukiachwa nusu ya njia hupoa ukiwa na umbo lisilo la chombo chochote, na ukija kulazimishwa baadaye hupasuka.

Siku hiyohiyo, baada ya sala ya alasiri, binti yangu alikuwa anahitimu chuoni. Alikuwa amemaliza msahafu akiwa na miaka tisa, na hakuna mtu katika nyumba yetu aliyewahi kuumaliza mapema hivyo. Mama yake alikuwa amemshonea gauni jeupe na kumnunulia mtandio wenye taraza. Mimi nilikuwa nimeleta halua kutoka Tanga, na kanzu yangu ilikuwa imepigwa pasi, imetundikwa mlangoni. Sikusahau hata kidogo. Nilikuwa nimepiga hesabu kwamba saa tisa ubao utakuwa mahali pake, saa tisa na nusu nitakuwa nimekwisha oga, na saa kumi nitakuwa safu ya mbele pamoja na wazazi wengine.

Ilipofika saa tisa ubao ulikuwa umebakiza shibiri moja. Saa tisa na nusu ulibakiza nusu shibiri. Binti alikuja uani amevaa, mikono yake ina hina, akasimama mbali kidogo ili moshi usilifikie gauni, akasema, “Baba, tunaondoka.” Nikamwambia, “Tangulieni, ninakuja nyuma yenu.” Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye kijiti cha kamba, na sikugeuka sawasawa, nilimwona kwa pembe ya jicho tu, weupe unaopita kando ya ukuta. Mjomba akaniuliza, “Mpwa wangu, nikushikie?” Alikuwa mzee wa karibu miaka sabini, na ubao ule ulitaka watu wawili. Sote wawili tulilijua jibu, lakini aliuliza, nami nimemshukuru tangu siku ile kwa kuuliza, maana hakuniachia mwanya wa kusema kwamba sikupewa nafasi ya kwenda.

Ubao ulikaa mahali pake saa kumi na nusu. Bado ilibidi utobolewe kwa kekee na kupigwa misumari kabla haujapoa kabisa, kila msumari ukizungushiwa chini ya kichwa chake pamba iliyochovywa katika mafuta. Tulipiga misumari kumi na minne. Niliijua idadi yake siku ile na sijaisahau. Kisha nikaoga kwa ndoo moja, nikavaa kanzu mwili ukiwa bado una maji, nikakimbia. Nilipofika watoto walikuwa wanakunja majamvi, na sahani za halua zimekwisha rudishwa kwa wenyewe.

Usiku mke wangu alinieleza, kwa sauti yake ya kila siku, kwamba mwalimu alimtaka kila mzazi wa mhitimu asimame karibu na mwanawe wakati wa kusoma aya za mwisho na dua. Zamu ya binti yetu ilipofika, jina langu lilitajwa mara mbili. Kisha akasimama jirani yetu, mtu mwema, Mungu amlipe. Mtoto alisoma bila kukosea. Jambo moja mke wangu hakulisema, nikalitambua mwenyewe nikiwa nimelala. Upepo ukivuma upande ule, mlio wa nyundo ya uani kwetu hufika hadi chuoni, na jioni ile ulikuwa unavuma upande ule.

Ubao huo haujawahi kuvuja. Tangu tuliposhua mashua, Februari 2019, nimekalafati, yaani nimeziba nyufa, mahali pengi, lakini si hapo. Ungepasuka ningejua la kujutia. Ningesema nilipoteza alasiri ya mwanangu kwa ubao ulioharibika, na hesabu ingefungwa. Haukupasuka. Kazi ilikuwa njema, mjomba aliisifu, na kila ninapoketi ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, kukumba maji ninaketi juu yake.

Baada ya kuandika yote haya ninaona kwamba swali la jarida silo hasa lililonichoma. Mambo ya haki wayajibu wanaoyajua. Mimi ninaweza kujibu hili tu: je, aliye uani yuko nyumbani? Nimesema hapo juu kwamba mtoto akiniita ninaitika. Ni kweli, na siku ile pia niliitika. Mke wangu aliwahi kuniambia, mashua ikiwa tayari iko majini na hakuna ugomvi wowote kati yetu, “Miaka ile tulikuwa tukikusikia, hatukuwa tukikuona.” Wakati ule nilidhani anazidisha. Leo ninaona kwamba wale wa barazani, ambao nimewasema vibaya mwanzoni mwa barua hii, angalau mtoto akija huweza kuliacha bao katikati ya mchezo. Chombo kinachoundwa hakiachiki hivyo, na ni mimi niliyechagua kazi isiyoachika.

Kwa hiyo jibu langu limebadilika nikiwa katikati ya kuliandika. Mwenye siku mbili kwa wiki, na watoto ambao hawajamaliza darasa la saba, namshauri asilaze mkuku. Simsemi mvuvi ambaye chombo ndicho riziki ya nyumba, wala mwenye uwezo wa kumlipa fundi naye akawa msaidizi tu siku apendazo. Ngalawa pia ni jambo jingine: gogo la mwembe na matengo mawili, zile mbao za kando zinazokizuia chombo kisipinduke, watu watatu wakishikamana, ni kazi ya wiki, si ya miaka. Na mtu asiyeweza kabisa kujizuia, kama nilivyokuwa mimi, basi Jumamosi moja kati ya mbili asiguse tezo, na ubao mgumu aufanyie kazi katika likizo yake ya mwaka, siyo siku yenye jambo la mtoto.

Nasema hivyo, na papo hapo najua kwamba nikirudishwa mwaka 2015 huenda ningelaza tena. Binti yangu sasa yuko sekondari ya bweni, na akija likizo ndiye anayeshika kana, mpini wa usukani, mdogo wake akishughulika na tanga, nami nimeketi kama abiria. Siku moja tukiwa nje ya mwamba nilimuuliza anakumbuka nini kuhusu kuhitimu kwake. Akataja gauni, hina na halua. Hakutaja nyundo, nami sikumuuliza.

Mashua bado ina madai yake. Kila baada ya miezi kadhaa lazima ipandishwe pwani maji yakiwa makubwa, ikwanguliwe, ikalafatiwe na kupakwa chini deheni, mafuta yaliyochanganywa na chokaa, kabla maji hayajairudia, na kazi hiyo hula siku nzima. Bamvua ya mwezi ujao, yaani siku za maji makubwa, inaangukia Jumamosi. Nimeomba nipewe Jumamosi hiyo, na hadi ninapoandika haya sijapata jibu nyumbani.